Lipime Gari Likiwa Bado Linaumwa

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni



Kama umewahi kusimama kando ya Barabara ya Morogoro, boneti limeinuliwa na watoto wanalia kwa joto ndani ya gari, utakuwa unajua kwamba gari bovu halikosi madaktari. Hazipiti dakika tano wamekwisha kukuzunguka watu sita. Wa kwanza anasema plagi. Wa pili anasema pampu. Wa tatu, ambaye hata baiskeli hana, anaapa kwamba kabureta lazima ishushwe.

Leo nazungumza nanyi wenye magari ya zamani, yale ya platini na kabureta. Wenye magari ya kompyuta sikilizeni tu, lakini msiyajaribu haya kwenye magari yenu. Umeme wa plagi zake ni mkali zaidi, na vifaa vyake huharibika upesi kwa kuchezewa.

Mimi nina Peugeot 504. Wazee mnalikumbuka jina hilo. Ndiyo aina ya gari ambayo Ove Andersson alishindia Safari Rally mwaka 1975. Langu halijashinda kitu. Miaka kadhaa iliyopita lilianza tabia moja ya ajabu. Asubuhi linawaka kwa stata moja, linatoka Ubungo vizuri kabisa, likifika Kibamba linakohoa mara mbili na kuzimika. Ukingoja nusu saa, ukapiga stata, linawaka kana kwamba halikuwa na lolote.

Fundi wa kwanza akaniambia, "Mzee, hiyo ni petroli inachemka kwenye paipu." Hayakuwa maneno ya mbumbumbu. Ni kweli kwamba paipu ya mafuta ikipita karibu na injini yenye moto, petroli hugeuka mvuke, na pampu iliyotengenezwa kusukuma mafuta haiwezi kusukuma mvuke. Tukabadili pampu. Gari likazimika Kibamba. Fundi wa pili akaiosha kabureta, likazimika. Akaniletea kabureta nyingine ya mtumba, na fedha niliyomlipa ilikuwa ada ya muhula ya binti yangu. Gari likazimika palepale, na mtoto akarudishwa nyumbani na shule. Siku hizo mama yake alikuwa akinisalimu tu, basi.

Nisiwaseme vibaya mafundi wale. Kosa letu sote lilikuwa moja: kila mara gari lilifika gereji likiwa limepoa na linawaka. Tulikuwa tunampima mgonjwa aliyekwisha kupona, kisha tunamnunulia dawa kwa kubahatisha.

Fundi wa tatu, mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, hakushika spana. Aliniuliza swali moja tu: "Likizimika, cheche inakuwapo?" Nikamwambia sijui. Akafunga mfuko wake wa vifaa, akaingia garini, akasema, "Twende mpaka lizimike."

Likazimika. Akaondoa chujio la hewa, akachungulia kooni mwa kabureta na kuuvuta kwa mkono ule mkono wa mafuta unaovutwa na pedeli. Petroli ikaruka ndani kama mate. "Mafuta yapo," akasema, akarudisha chujio mahali pake. Pampu yangu mpya na kabureta yangu ya mtumba zikaachiwa huru na kesi yao. Kisha akachomoa plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake, akaushika waya kwa koleo lenye mpini wa mpira na kuilaza plagi juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta. Akaniambia nipige stata. Cheche ilikuwapo, lakini nyembamba na ya manjano, kama uzi. Cheche yenye afya ni ya buluu, na mlio wake unausikia.

Alipofungua kifuniko cha distributa, platini zilikuwa zimeungua. Akatoa mfukoni kikopo kidogo kuliko kidole gumba, chenye waya mmoja. Ni kondensa. Akaifunga, akasugua platini kwa msasa, nikapiga stata. Injini ikawaka hapohapo, ikiwa bado ya moto.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo fedha yangu ilipopotelea. Mfumo huu wa betri, koili na platini ni wa Mmarekani Charles Kettering, mtu yuleyule ambaye stata yake ya umeme ilianza kuuzwa katika magari ya Cadillac mwaka 1912. Betri inatoa volti 12. Plagi inahitaji maelfu. Platini zikifungana, umeme hupita ndani ya koili na kuijaza nguvu ya sumaku. Platini zikiachana, nguvu ile huanguka kwa ghafla, na kuanguka huko ndiko kunakozaa umeme mkubwa wa plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini huachana mara 100 kila sekunde. Kazi ya kondensa ni kuupokea umeme unaotaka kuruka kati ya platini wakati zinaachana. Ikishindwa, umeme huruka hapo, platini huungua na plagi hubaki na njaa. Na iko kondensa ambayo ikiwa baridi inafanya kazi, ikipata moto inagoma. Kwa hiyo kondensa na petroli inayochemka zina dalili moja, na anayeweza kuzitenganisha ni yule atakayetazama cheche wakati gari limegoma.

Jambo hilo lina upande wake wa pili. Ukikuta cheche nzuri na kooni mwa kabureta hakuna kitu, achana na koili. Kabla hujaigusa pampu, fungua kifuniko cha tangi. Katika magari mengi ya zamani kifuniko kina kitundu cha hewa. Kikizibwa na vumbi, au ukinunua kifuniko kisicho na kitundu, tangi hushindwa kuvuta pumzi na mafuta hukataa kutoka. Ukisikia "fyuuu" ulipofungua, umepata jibu bila kulipa senti.

Na kama stata yenyewe haizungushi injini, washa taa kubwa kisha uzungushe ufunguo. Taa zikifa, tazama betri na vichwa vyake. Taa zikibaki kali, tazama stata na nyaya zake. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6, injini ikiunguruma inatakiwa isome karibu 14, la sivyo alteneta haichaji. Mita ya kupimia haina bei kubwa. Usisahau waya wa ethi unaounganisha injini na bodi, kwa kuwa injini hukalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Waya huo ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine na huweza kupita kwenye kebo ya choki. Ukipiga stata ukaona kebo ya choki inapata moto, basi ndiyo hiyo.

Nina ugomvi na jambo moja, nalo ni ile chupa ya petroli. Kijana anamimina mafuta kooni mwa kabureta huku mwenzake anapiga stata. Injini ikipiga chafya, moto hutokea kooni humohumo, na chupa iko mkononi. Asiguswe gari lako mtu mwenye chupa hiyo, hata kama ni mjomba wako.

Yule mzee wa chini ya mwembe alinidai bei ya kondensa na nauli ya daladala ya kurudia Ubungo. Kabureta ya zamani nilikuwa bado ninayo. Nikairudisha kwenye gari, nayo inafanya kazi hadi leo. Ile ya mtumba aliyeniuzia amekataa kuirudisha. Iko chini ya kitanda, na mama watoto ameniambia nisiitoe, niwe naiona.