Mwani Katika Hori la Ng'ombe: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuulisha

(Mada kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Kaunti ya Kwale)



Mwani unalimwa Kibuyuni. Je, ng'ombe wa maziwa kule Shimba Hills hawezi kulishwa?

Kulisha mifugo mwani si jambo geni. Kisiwani North Ronaldsay, Scotland, kondoo hula mwani wa ufuoni tangu zamani. Lililo jipya ni kuutumia kupunguza gesi ya methani. Vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe hutengeneza gesi hiyo anapomeng'enya majani, naye huitoa kwa kubeua. Gesi hiyo huongeza joto duniani, tena hubeba sehemu ya nguvu ya chakula ikapotea bure.

Mwani uliofanya vyema katika utafiti unaitwa Asparagopsis. Una kemikali ya bromofomu, inayozuia utengenezaji wa gesi hiyo. Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, walieleza kwamba ng'ombe wa maziwa waliopewa mwani huo kwa kiwango cha asilimia 1 ya chakula walipunguza methani kwa asilimia 67. Lakini ng'ombe hao hao walikula kidogo, na maziwa yakashuka kwa karibu asilimia 12. Kwa ng'ombe wa lita 10, hiyo ni zaidi ya lita moja kila siku.

Mwani wa kamba za Kibuyuni, yaani spinosum na cottonii, si Asparagopsis. Hununuliwa kwa sababu ya ute wake, unaotumika viwandani kufanya vyakula na dawa ya meno viwe vizito. Usitarajiwe kufanya kazi ile ile.

Mwani wa kuokotwa ufuoni nao una chumvi na mchanga. Aina nyingine zina madini mengi ya iodini, ambayo hupita hadi kwenye maziwa. Iodini inahitajika kwa kiasi kidogo. Ikizidi hudhuru tezi ya shingo, ya ng'ombe na hata ya mtoto anayenywa maziwa hayo.

Kwa hivyo, mfugaji asimwage mwani horini kwa kubahatisha. Muuzaji akileta kirutubisho cha mwani, aulizwe: Ni mwani wa aina gani? Una iodini kiasi gani? Kipimo cha siku ni kipi? Umeidhinishwa na nani? Majibu yakikosekana, pesa zibaki mfukoni.

Maziwa huongezeka kwa matete yaliyokatwa kabla ya kukomaa, majani ya lusina, maji safi wakati wote na chumvi ya mifugo. Mwenye swali amwone afisa wa mifugo wa wadi yake kabla ya kubadilisha lishe.