Manowari Petard na Msafara Uliotoka Kilindini

Petard ilikuwa manowari ya Kiingereza ya kulinda misafara ya meli. Kazi hiyo haina sifa nyingi, maana msafara ukifika salama hapana la kusimuliwa.

Mwezi wa Oktoba 1942, katika Bahari ya Mediterania, iliishinda sabmarini ya Wadachi, U-559. Luteni Fasson na baharia Grazier waliingia ndani yake usiku, wakatoa vitabu vya maandishi ya siri; ikazama nao.

Lakini habari itugusayo sisi ni ya tarehe 12 Februari 1944. Meli tano za abiria zilikuwa zimetoka Kilindini kwenda Colombo, na katika mojawapo, Khedive Ismail, walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki wapatao elfu. Karibu na visiwa vya Maldivi sabmarini ya Kijapani, I-27, iliipiga kwa torpido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi.

Kisha adui akajificha chini, na juu yake watu wanaelea. Nahodha wa Petard afanyeje? Akimwacha adui, meli nne zilizobaki zimo hatarini. Aliangusha mapipa ya baruti yapasukayo chini ya maji, na baadhi ya waliokuwa wakielea wakauawa na mshindo wake. Sisi tulioketi nchi kavu hatuthubutu kumhukumu. I-27 ikalazimika kuibuka, na mwisho torpido ya Petard ikaipasua.

Waliokufa siku ile walikaribia 1,300. Waliookolewa hawakutimia 220.