Mtoto Asiyetaka Kulala



Leo tuweke kando mbuzi na mikopo ya kikundi. Tuzungumze juu ya yule mtoto wa miaka minne ambaye, saa ya kulala ikifika, ndipo anaamka. Anataka maji. Anataka choo. Mara koti lililotundikwa ukutani limekuwa mtu, mara mabati yakilia ni mnyama anatembea juu. Mama naye amechoka, na kesho ni siku ya soko.

Wengi wetu tunasema nini? "Lala, fisi anakuja!" Hapo tunamwaga mafuta motoni. Mtoto wa umri huu bado hatenganishi vizuri kitu cha kweli na kile alichowaza. Fisi uliyemtajia atalala naye kitandani. Atanyamaza, ndiyo, lakini kunyamaza si kulala.

Mtoto huyu si mkaidi, wala hana pepo. Ana akili ya kuchora picha, na akili hiyo ni mali. Lakini usingizi anauhitaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Basi tujaribu hivi:

1. Jioni asinywe chai ya majani. Ina kafeini, inafukuza usingizi. Uji unafaa zaidi.

2. Mpango uwe ule ule kila siku: kula, kunawa miguu, kwenda choo, hadithi, kulala. Mtoto anayejua kinachofuata habishani sana.

3. Hadithi iwe moja, fupi na ya upole. Za mazimwi zingoje mchana. Mwulize, "Sungura alienda wapi baadaye?" Amalizie mwenyewe. Akitaka kuendelea, mwambie, "Hiyo utanisimulia asubuhi." Na asubuhi umwulize kweli, la sivyo kesho hatakuamini.

4. Akiogopa koti, usimcheke. Lishusheni pamoja, alishike, aone ni koti tu.

5. Usimwachie koroboi ikiwaka karibu na neti. Moto haungoji.

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Hadithi haina gharama.

Ya kujadiliana kikundini: Sisi tulitishwa na nini tukiwa wadogo? Je, tulilala vizuri?