Insha Yako ya Chuo: Hii ni ya Nani?

(Muziki unapungua.)

Leo nasema na wewe unayeandika ile insha ya kujieleza, ya kuombea chuo.

Yangu ya kwanza niliiandikia kambini, kurasa mbili. Ilianza hivi: "Nilizaliwa katika familia maskini, vita vikatukimbiza, nina ndoto ya kuwa kiongozi." Niliituma, sikujibiwa. Nikaibeba hadi Nyamirambo, kwa kaka mmoja fundi cherehani. Akasimamisha mashine, akasema, "Soma kwa sauti." Nikasoma.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, kaka."

"Hapana, ni ya kambi nzima. Si wewe uliyekuwa unawatengenezea majirani redio?"

Kweli ni mimi. Sikuwa na chombo cha kulehemu, nilichoma msumari kwenye makaa. Niliona aibu kuliandika hilo, nikidhani chuo kinataka maneno makubwa.

Fikiria ufadhili wa DAFI, ambao UNHCR na Ujerumani waliuanzisha mwaka 1992. Ni wa wakimbizi. Au Kepler, waliofungua tawi kambini Kiziba mwaka 2015. Anayesoma maombi ya namna hiyo anajua tayari kwamba ulikimbia. Asichokijua ni wewe unafanya nini asubuhi ukiamka. Ukiandika "nina bidii," hajaona kitu. Andika kwamba ulifundisha watoto sita hesabu za sehemu kwa kugawa chapati, na kwamba wawili hawakuelewa mpaka ulipobadilisha njia. Hapo amekuona.

Tena sikiliza, hili linaniuma. Huna deni la kumsimulia mtu usiyemjua jinsi baba yako alivyokufa. Ukitaka kuliandika, liandike. Usipotaka, sentensi moja inatosha, endelea na masomo unayoyataka na sababu yake.

Kama inatakiwa kwa Kiingereza, anza kwa lugha unayoiotea, kisha uhamishe kwa sentensi fupi. Ya rafiki usinakili, maana kwenye mahojiano watakuuliza habari za humo.

Insha yangu ya pili, ile ya msumari, iliniitisha kwenye mahojiano. Nafasi bado sijapata, naomba tena mwaka huu. Ukikwama, niletee hapa studio Jumamosi asubuhi tuisome pamoja. Njoo na kalamu nyekundu, yangu imekwisha wino.

(Muziki.)