Seli Shina, Kiharusi na Fedha za Usharika

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Ziba)



Nimeombwa nitoe maoni juu ya ombi lililoletwa mbele yetu. Familia moja ina mzee aliyepooza upande wa kulia, sasa ni zaidi ya mwaka. Wameambiwa kuwa nje ya nchi kuna sindano ya seli shina inayorudisha ubongo. Wako tayari kuuza ng'ombe, na wanaomba usharika ujazie kilichopungua. Mimi napendekeza tusichangie safari hiyo.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu ya ubongo unapoziba au kupasuka. Ukiziba mshipa mkubwa, chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Baadaye uvimbe huendelea kuharibu hata sehemu iliyonusurika. Hapo ndipo wataalamu walipotia tumaini: seli zitokazo kwenye uloto wa mtu mzima mwenye afya zikiingizwa mapema katika damu ya mgonjwa, zitatuliza uvimbe huo. Haikutarajiwa zigeuke kuwa ubongo mpya, bali zilinde uliobaki. Kwa wanyama wa maabara matokeo yalitia moyo. Kwa binadamu, jaribio la Marekani na Uingereza lililochapishwa mwaka 2017, na lile la Japani lenye wagonjwa 206 lililochapishwa mwaka 2024, hayakufikia lengo, ingawa wagonjwa walichomwa ndani ya siku mbili za kwanza. Jaribio jingine la Marekani, la kupandikiza seli ndani ya ubongo wa watu waliopooza muda mrefu kama mzee wetu, nalo halikufikia lengo, mwaka 2019. Anayeiuza leo kama tiba iliyothibitika anauza tumaini la watu.

Najua mtaniuliza habari za Dodoma. Ni kweli, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na tunamshukuru Mungu. Lakini selimundu ni ugonjwa wa damu, na uloto ndio kiwanda cha damu. Ubongo ni habari nyingine.

Tuangalie nyumbani. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, baada ya kusawazisha umri, ulikuta viharusi vipya 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Utafiti mwingine, wa mwaka 2008, ulikuta kuwa watu wa Dar es Salaam ndio waliotaja zaidi majini na uchawi, kuliko wa Hai! Kwa hiyo tusiseme ni ushamba wa vijijini.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya kipimo cha CT. Kwa barabara zetu, wachache watawahi. Nafasi yetu kubwa iko kabla ya kiharusi, yaani kupima presha na kumeza dawa kila siku, hata mtu anapojisikia mzima.

Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukilegea au maneno yakimpotea, andikeni saa. Akisinzia, mlazeni ubavu. Msimpe chakula, maji wala aspirini, kwa maana huenda damu inavuja. Mpelekeni Nkinga au Igunga saa hiyo hiyo, usiku usiwe sababu.

Kuhusu mzee wetu, naomba kamati ilipe nauli yake na ya mwanawe kwenda kliniki ya mazoezi ya viungo kwa miezi sita, pamoja na dawa zake za presha. Ng'ombe wabaki zizini. Wafadhili wakikubali, kila usharika upate mashine moja ya presha na betri za akiba, na daftari likaguliwe na kamati kila robo mwaka. Mchungaji, naomba jambo hili lijadiliwe leo kabla ya chakula, maana familia inasubiri jibu.