Walale kwa Majina Yao



Ng'ambo ya mkondo huu kipo Kisiwa cha Manda. Wageni hukijua kwa kiwanja cha ndege na magofu ya Takwa. Sisi yatupasa kukijua pia kuwa kilikuwa kizuizi. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, watu walifungwa huko pasipo kuhukumiwa. Mmoja wao, mwandishi Gakaara wa Wanjau, aliandika kumbukumbu zake kwa siri, zilichapishwa 1983.

Si wote waliozuiliwa nchini waliorudi makwao. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, kando ya Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, na serikali ikadai kwanza kwamba wamekufa kwa maji waliyokunywa. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa bila alama. Uingereza ilikiri mateso hayo 2013 na kuwalipa fidia wazee 5,228. Lakini fidia hulipwa walio hai. Maiti hudai kaburi lenye jina.

Ndugu wananchi, jambo hili si la historia tu. Sheria ya kumfunga mtu bila kesi ilirithiwa na serikali yetu wenyewe, ikatumiwa Julai 1990 dhidi ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kwa kudai vyama vingi. Iliondolewa 1997 kwa sababu wananchi walikataa kunyamaza.

Huko Urusi, wanachama wa shirika la Memorial waligundua 1997 makaburi ya Sandarmokh, walikopigwa risasi maelfu ya watu 1937 na 1938. Desemba 2021 mahakama iliamuru shirika hilo livunjwe. Utawala unaoogopa makaburi huogopa maswali.

Basi tunadai mambo matatu. Orodha ya waliozuiliwa Manda, na ya yeyote aliyefia humo, itolewe hadharani. Ardhi ya kambi ipimwe na kuwekewa alama kabla ya kugawanywa viwanja. Wazee wanaokumbuka kambi hiyo wasikilizwe sasa, wangali hai.

Dini yetu imetufunza kuwa kumzika maiti ni faradhi juu ya jamii nzima; wakitimiza wachache, wote wamesalimika; wakiacha wote, wote wana dhambi. Tusiwe wa kuacha.