MAWAZO YANAPOKAZA MWILI
(Mada iliyotolewa na mwanachama, muuguzi mstaafu, siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Nimepewa dakika chache nizungumzie afya. Hapa kwetu Nyarubungo, kila wiki ya marejesho nasikia haya: shingo imekaza, mabega yanauma, kiuno hakinyanyuki. Tunasema ni jembe na ndoo za maji. Mara nyingi ni kweli. Lakini jamani, uchovu wa jembe ukilala unapungua. Huu mwingine unalala nao na unaamka nao, tena taya zinauma kwa kusaga meno usiku. Huo huenda unatokana na mawazo.

Inakuwaje? Ukikutana na nyoka shambani, ubongo hutoa amri, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, na misuli hukaza tayari kwa kukimbia. Nyoka akienda zake, misuli hulegea. Sasa deni haliendi zake kama nyoka. Ada ya mtoto, mgonjwa nyumbani, mkopo: ubongo huona yote hayo ni hatari. Misuli hukaa imekaza kutwa nzima bila mwenyewe kujua. Ndipo shingo hukakamaa na kichwa huuma kama kimefungwa kamba. Maumivu huharibu usingizi, na kukosa usingizi huongeza mawazo.

Kwa hiyo huo si uvivu, wala si uongo, wala mtu hajarogwa. Na kumeza vidonge vya maumivu kila siku si tiba. Vinaweza kudhuru tumbo na figo.

Tufanye nini? Kwanza, tulegeze misuli. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani alieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1929. Hebu tujaribu wote: pandisha mabega hadi karibu na masikio, kaza, hesabu hadi tano, achia, pumua polepole. Mmeona tofauti?

Pili, tuseme. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, Dokta Dixon Chibanda alianza na mabibi 14, wakafundishwa kuwasikiliza wenye mawazo, wamekaa nao kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Sisi benchi tunalo, ndilo hili tunalokalia siku ya hisa.

Naomba basi tukubaliane: mwanachama akichelewesha marejesho, wawili wetu waende kwanza kumsikiliza, habari ya faini ije baadaye. Anayekwepa mkutano kwa aibu ndiye anayeumia zaidi.

Angalizo: shingo ngumu pamoja na homa kali, mguu kufa ganzi au kukosa nguvu, ama maumivu ya kifua, ni zahanati siku hiyo hiyo.

Fedha zetu tuzifungie kwenye sanduku, mawazo tusiyafungie moyoni.